Aliyemnyambulia Gratien Kuku

Kabla ya risasi, watu wa Bwegera walimjua Gratien kwa kinywa chake. Alikuwa kiongozi wa kwaya, mwenye meno yaliyopangika vizuri na sauti iliyosikika mpaka nje ya kanisa, walikokaa akina mama wenye watoto wachanga. Siku za kazi alisimamia mashini ya kukoboa mpunga, na hata pale, katikati ya kelele na vumbi la makapi, aliimba. Wanawake waliopanga foleni na magunia yao walimtania, naye akawarudishia utani. Mkewe Apolline, aliyeolewa kutoka Runingu, hakuona wivu. Alikuwa akisema kwamba kinywa cha mume wake mchana ni cha watu wote, lakini jioni kinarudi kula kwake.

Vita vya mwaka wa tisini na nane vilipofika kwenye bonde la Ruzizi, waliacha mpunga ukiwa umeanza kuinama wakakimbilia Uvira. Walikuwa wanne: Gratien, Apolline, binti yao Ninahazwe aliyekuwa bado anajifunza kusoma, na Marie-Jeanne, mama yake Gratien, mjane aliyekuwa amekwisha kupoteza meno mengi. Wakapata vyumba viwili mtaa wa Kasenga, nyuma ya karakana ya seremala. Apolline akaanza kushuka ziwani alfajiri kununua ndagala, yaani dagaa, kwa wavuvi na kuziuza sokoni. Gratien hakuwa na kazi. Alikaa uani akisikiliza randa ya seremala, na siku zilivyopita aliona aibu kula jasho la mkewe.

Ndiyo sababu alirudi Bwegera. Alisikia barabara imetulia, na kwamba waliobaki walikuwa wakivuna hata mashamba ya waliokimbia. Apolline alimkataza. Mama yake alimkataza. Akasema atachukua mpunga wake na kurudi, basi. Akapanda kamio, lori la mizigo, pamoja na wafanyabiashara, na wakati wa kurudi, wakiwa juu ya magunia, gari likapigwa risasi. Mpaka leo hakuna anayejua kwa hakika ni nani aliyefyatua. Wengine walisema ni watu wa msituni, wengine wakasema ni askari wenyewe. Dereva alikufa. Gratien alipigwa shavu la kushoto, na risasi ikatokea chini ya sikio la upande huohuo, ikiwa imebeba meno na kipande cha taya.

Hospitali walimfunga taya kwa waya. Kwa muda mrefu hakula ila alichovuta kwa mrija, kupitia pengo lililoachwa na meno: uji, maziwa yakipatikana, mchuzi uliochujwa kwa kitambaa. Apolline alilala sakafuni chini ya kitanda chake. Walipofungua zile waya, mdomo haukufunguka zaidi ya upana wa vidole viwili, na taya lilitetemeka hata kwa kumeza mate. Daktari, mtu mpole aliyekuwa amechoka kuliko wagonjwa wake, alimwita Apolline pembeni.

"Mama, huyu anakauka," alisema. "Mifupa haiungi kwa uji. Lazima ale nyama. Lakini asiitafune. Iwe laini hivi kwamba akiibana na ulimi tu inaachana."

"Nyama ya namna gani, dokta?"

"Kuku. Ukimupata."

Kumpata kuku siku zile haikuwa jambo dogo, kwa sababu popote kuku alipowika, askari walimsikia. Kuku waliobaki walikuwa wale wazee, wa kienyeji, waliozoea kukimbia, ambao nyama yao inarudisha jino. Kuku wa namna hiyo anataka moto wa kutwa nzima, na Apolline hakuwa na makala, yaani makaa, ya kutwa nzima wala hakuwa na kutwa yenyewe, maana asipokwenda ziwani hakuna aliyekula. Mara ya kwanza alimchemsha tangu asubuhi mpaka makala yakaisha, akachelewa kuwakuta wavuvi, na bado Gratien alizungusha kipande kimoja mdomoni mpaka machozi yakamtoka, akakitema kwenye beseni kikiwa na damu.

Hapo ndipo Apolline alipokumbuka namna mama yake alivyokuwa akipika maharage Runingu siku za kulima. Mama yake aliyachemsha kidogo tu alfajiri, kisha akakifunika chungu ndani ya shimo lililojaa majani makavu, akaenda shambani. Wakirudi, maharage yameiva yenyewe. Apolline akamwomba seremala sanduku bovu la mbao. Akaenda kwenye mashini za mpunga akajaza gunia la makapi, yale wanayoyatupa. Akayamwaga sandukuni, akachimba katikati nafasi ya sufuria, akashona mto wa makapi wa kufunika juu.

Ikawa hivi. Kuku alimchinja jioni, akamnyonyoa kwa maji ya moto, akamkata kwenye viungo na kumsugua kwa ndimu na chumvi. Alfajiri aliwasha mbabula, lile jiko dogo, kwa makala machache, akaweka nyama na kitunguu, nyanya, kipande cha tangawizi na kijiko cha mawese. Pilipili hapana, kwa sababu ya kidonda. Maji yalifunika nyama tu, si zaidi. Aliacha ichemke kwa nguvu mpaka kifuniko kigonge, akaacha kigonge kwa muda wa kusali rozari nzima, kisha bila kufungua hata kidogo kuchungulia, akaitumbukiza sufuria ndani ya makapi, akalaza mto juu, akaweka blanketi kuukuu na jiwe. Halafu alijitwisha beseni lake akashuka ziwani.

Aliporudi jua likiwa limesimama, sufuria ilikuwa bado inamchoma vidole. Aliirudisha motoni ichemke tena, kisha akatoa nyama kwenye sahani. Ilikuwa ikishuka yenyewe kutoka kwenye mfupa. Kwa uma mbili aliinyambua nyuzi nyuzi, akafuata mshipa wa nyama kama mtu anayefumua mkeka. Alijifunza pia kwamba nyuzi ndefu zinamkaba, kwa hiyo akishamaliza kunyambua, alizikata fupi kwa kukingama, akazirudisha kwenye mchuzi zinywe. Alipitisha vidole vyake mara mbili kutafuta vijifupa, kwa sababu kijifupa kimoja chembamba kingeweza kuharibu kazi ya miezi.

Kisha alimlisha. Aliketi mbele yake na kijiko kidogo cha chai, akakiingiza upande usio na kidonda, akasubiri. Nusu ilirudi nje. Aliifuta kwenye kidevu, akaanza tena. Gratien alimtazama machoni wakati wote, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kutazama. Hakuweza kusema vizuri. Alichotaka kusema kilitoka kama maji yanayogugumia, na Ninahazwe, kwa kuwa alikuwa mtoto, alitoka nje.

Marie-Jeanne naye alitoka nje. Alijaribu mara moja tu kumlisha mwanawe. Kijiko kilipogusa ule mdomo uliopinda na mchuzi ukateremka shingoni, akakiweka kijiko chini. "Mwana wanje," alisema kwa Kirundi, yaani mtoto wangu, akajifunika uso kwa kikwembe, kitenge alichojifunga. Tangu siku hiyo, sufuria ilipotolewa sandukuni, alipata kazi ya kufanya uani.

Apolline hakumlaumu. Na ni haki kusema kwamba siku moja yule mama alifanya jambo. Apolline alikuwa sokoni. Askari watatu waliingia uani wakitafuta chochote. Walifungua mafurushi, walipindua godoro, wakamsukuma Gratien ukutani. Marie-Jeanne alikuwa ameketi juu ya sanduku la makapi, amejitandaza kikwembe chake chote, akikohoa kikohozi cha mgonjwa wa kifua. Wakamwambia anyanyuke. Akawaambia hawezi, miguu imekufa, na wao wakikaribia watachukua ule ugonjwa. Joto la sufuria lilikuwa likimpanda, na harufu ya kuku ilikuwa pale pale chini yake, lakini karakana ilinuka gundi na wale watu wakaondoka na viatu vya seremala. Apolline aliporudi alimkuta bado amekaa palepale. Alimshika mikono akambusu.

Kazi ile ilienda zaidi ya mwaka. Apolline alibadilisha samaki kwa kuku na wanawake waliotoka bondeni. Aliuza vikwembe vyake vya harusi, kimoja baada ya kingine. Yeye, Ninahazwe na mama mkwe walikula bugali na sombe, majani ya muhogo, na siku njema ndagala. Miguu ya kuku na shingo alimpa Ninahazwe afyonze. Siku moja mtoto aliuliza, bila ubishi, kama baba akipona na wao watakula kifua.

"Baba akipona tutakula kila kitu," Apolline alimjibu.

Na Gratien alipona. Mwili ulirudi kwanza, kisha maneno. Mdomo ulifunguka vidole vitatu. Alifuga ndevu, zikafunika kovu la shavuni, na ukimwona kwa upande wa kulia ungesema hakuna lililompata. Clovis, rafiki yake wa zamani wa kwaya, aliyekuwa na depo ya mchele kule Kavimvira, akampa kazi ya kupokea magunia. Gratien akaondoka asubuhi na kurudi jioni kama wanaume wengine. Apolline alishukuru Mungu, na akaendelea kumpikia kuku kila alipompata, maana meno ya upande mmoja hayakuwapo.

Ndipo alipoanza kuona kwamba Gratien hataki tena kula mbele yake. Alichukua sahani akaenda kukaa amewapa mgongo. Siku nyingine alisema ameshiba, amekula kazini. Kisha akawa halali nyumbani, kwa sababu, alisema, depo inahitaji mlinzi. Watu wa Kasenga hawakawii kukuletea habari. Walimwambia kuhusu Nicole, mwanamke anayevuka mpaka kupeleka mchele Bujumbura, kijana, ambaye hakuwahi kumjua Gratien asiyekuwa na ndevu.

Apolline hakupiga kelele. Alisubiri Gratien arudi siku ya Jumapili, akamkaribisha kiti, akamwuliza.

"Baba Ninahazwe, minye nimekukosea nini?"

Seremala hakuwa akifanya kazi siku hiyo, na uani palikuwa kimya.

"Hujanikosea," Gratien alisema.

"Sasa ni nini?"

"Weye ukiniangalia, minye naona beseni. Naona mate inashuka hapa." Akagusa kidevu chake. "Hata ukiniangalia na upendo. Zaidi ukiniangalia na upendo. Kule kwa Nicole, minye ni mwanaume tu. Hakuniona."

"Minye nilikuona kwa sababu nilikuwa hapa."

"Najua."

"Ungependa nisingekuwa hapa?"

Gratien alichukua nguo zake akazifunga, akasema mama yake atabaki kidogo mpaka apate nyumba kubwa. Apolline alibaki ameketi. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, kwa matusi, hata kwa kofi. Kwa jambo hili hakuwa amejiandaa, kwa kuwa hakuona pa kulikanusha. Angeweza kuwa mlegevu, angeweza kukimbilia kwao Runingu kama walivyofanya wake wengine wa majeruhi, na pengine leo angekuwa na mume. Wazo hilo lilimwingia siku ile na halikumtoka.

Marie-Jeanne hakubaki kidogo. Nyumba kubwa haikupatikana, na mwaka ukapita, na mwingine. Aliendelea kula kwenye sufuria ya Apolline. Meno yake ya mwisho yalimtoka, na Apolline, akipata nyama, alimnyambulia na yeye. Hawakumzungumzia Gratien. Uvira ilibadilisha mikono mara moja na mara nyingine tena. Wakati wa milio ya risasi walilala wote watatu chini ya kitanda kimoja, na Apolline aliweka mwili wake upande wa mlango.

Asubuhi moja yenye mvua, Nicole alikuja. Alikuja mwenyewe, amefunika kichwa, na mtoto mgongoni. Apolline alimtambua kabla hajataja jina. Marie-Jeanne alikuwa ameketi kwenye kona akichagua mchele kwenye ungo. Aliinua macho, akamwona mjukuu asiyewahi kumshika, akayarudisha macho kwenye ungo.

"Mama Ninahazwe," Nicole alisema akiwa bado amesimama, "unisamehe kuingia hapa. Taya ya Gratien imevimba tena. Imetoa usaha. Hawezi kutafuna, hata ndizi. Dokta amesema nyama laini, minye nachemsha, nachemsha, haiwi laini. Aliniambia zamani alikula kuku fulani ya ndani ya sanduku, ndiyo ilimuponyesha."

"Alikuambia."

"Ndiyo. Nimekuja kumuuliza mama yake." Akageuka kwenye kona, akapiga goti kidogo kwa heshima. "Mama, Gratien anasema ni weye ulikuwa unamukulisha kila siku, mwaka muzima, na mukono yako. Naomba unifundishe."

Mvua ilipiga mabati. Apolline alimtazama mama mkwe wake, akasubiri. Vidole vya Marie-Jeanne vilitoa jiwe dogo kwenye mchele, vikalitupa, vikatafuta jingine.

Apolline angeweza kumfukuza yule mwanamke. Angeweza kumfundisha vibaya, kumwambia afungue kifuniko kila mara, aweke pilipili. Hayo yote yalimpitia. Lakini mtoto mgongoni alikuwa akimtazama kwa macho ya Gratien, na Nicole mwenyewe hakuwa na kosa katika uongo ule. Alidanganywa kama mtu mwingine.

"Keti," alimwambia. "Mama amechoka. Nitakuonyesha minye."

Akamwonyesha sanduku, lililokuwa bado pale. Akamwambia kuhusu makapi, kwamba yakilowa ayatupe, kwani makapi mabichi hayatunzi joto. Akamwambia achemshe kwanza kwa nguvu na asifungue, na akitoa sandukuni arudishe motoni kabla ya kugusa. Akamwambia anyambue kwa kufuata mshipa, kisha akate fupi. Nicole alirudia kila neno kwa sauti ndogo.

"Na akitema?" Nicole aliuliza.

"Atatema. Umufute, uanze tena."

"Mpaka lini?"

Apolline alimsindikiza mpaka barabarani kwenye mvua. Aliporudi alisimama mbele ya kona.

"Mama, umesikia alichosema."

"Nimesikia."

"Na hukusema kitu."

"Ningesema nini?" Marie-Jeanne alisema. "Niseme mutoto wangu ni muongo, mbele ya muke wake? Ni minye nilimuzaa."

Apolline aliuchukua ungo kutoka mapajani mwake, akamaliza kuchagua ule mchele mwenyewe.

Mwezi wa kwaya kufanya sikukuu ulipofika, Gratien alikuwa amepona tena, na vita vilikuwa vimelegea kidogo hata watu wakathubutu kukusanyika. Wanakwaya waliokimbia kutoka bondeni walifanya misa ya shukrani, na baadaye chakula katika ukumbi wa parokia. Akina mama waligawana kazi. Apolline alipewa kuku, maana siku hizo jina lake lilikwisha kujulikana. Aliwapika katika masanduku matatu, akawanyambua tangu asubuhi na wanawake wenzake, akawachanganya na mchuzi wa nyanya wa kula na mkate. Alikuwa nje, chini ya turubai, akipakua, aliposikia sauti ya Gratien kwenye kipaza sauti.

Aliisimulia ile risasi, na watu wakaguna. Akasimulia zile waya. Alisema alikuwa maiti inayopumua. Ilikuwa sauti yake ileile ya zamani, imepinda kidogo kwenye herufi fulani, na Apolline alijikuta amesimama na mwiko mkononi.

"Leo naimba," Gratien alisema, "kwa sababu ya Mungu, na kwa sababu ya muntu moja. Alinipikia kuku ndani ya makapi, akaninyambulia, akaniweka mudomoni kama mutoto. Mama yangu. Mama, simama watu bakuone."

Kupitia dirishani Apolline alimwona Marie-Jeanne kwenye benchi la mbele. Aliona kichwa chake kikiinama. Akafikiri, hatasimama. Kisha yule mama aliegemea fimbo yake, akasimama. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Alisimama mpaka makofi yakaisha, akaketi.

Chini ya turubai wanawake wa Kasenga, waliomwona Apolline akibeba makapi mwaka mzima, walitazama sufuria zao. Mmoja akasema, "Mchuzi unakauka, Mama Ninahazwe." Apolline akaongeza maji.

Kesho yake hakwenda ziwani. Alifua nguo zote za mama mkwe wake, akazianika, zilipokauka akazikunja. Alimpa chakula cha mchana, akangoja amalize. Kisha akafunga mzigo katika kikwembe.

"Twende, Mama."

Marie-Jeanne alitazama mzigo. Hakuuliza wanakwenda wapi. Apolline alimkodia baiskeli, mwendeshaji akaikokota polepole kwa sababu ya barabara, naye akatembea pembeni ameushika mkono wa yule mama asianguke. Walikuwa wamefika mbali ndipo Marie-Jeanne aliposema:

"Ningekaa chini, angeaibika mbele ya watu."

"Na minye?"

"Weye iko na nguvu," alisema. "Siku zote weye iko na nguvu."

Waliendelea hivyo mpaka Kavimvira.

Gratien alikuwa mlangoni amevaa shati la depo. Nicole alitoka na mtoto. Apolline alimteremsha mama mkwe wake kwenye baiskeli, akamkalisha kwenye kiti kilichokuwapo barazani, akauweka mzigo miguuni pake.

"Ni nini hii?" Gratien aliuliza.

"Ni mama yako. Ule aliyekukulisha."

"Apolline, usifanye hivi."

"Hana meno hata moja. Sasa na weye umunyambulie. Muke wako anajua, minye nilimufundisha."

Nicole aligeuka akamtazama Gratien, kisha akamtazama yule mama kitini. Ilionekana usoni mwake kwamba ameelewa, na kwamba sasa na yeye amemwona mume wake. Gratien alifungua mdomo wake, vidole vitatu, akaufunga. Apolline aliagana na kila mmoja kwa heshima, kama mgeni, akarudi Kasenga kwa miguu.

Alidhani atapata nafuu. Siku za kwanza alipata kitu kama nafuu, kisha akaanza kuamka alfajiri akapika uji wa watatu. Kona ilikuwa tupu. Ninahazwe hakumsema mama yake, ila aliacha kuongea wakati wa kula.

Wale wanawake waliotazama sufuria zao siku ya sikukuu walipata midomo. Walisema Apolline amemtupa mjane mzee asiye na meno barabarani, kwa wivu. Walisema alimpeleka kama mzigo wa samaki. Kwenye chama cha akina mama hawakumwondoa, lakini kazi ya kuku alipewa mwingine. Hakuna hata mmoja aliyesimama kusema mengine anayoyajua, na Apolline hakuwaomba. Alikuwa amekwisha kumsubiri mtu aseme, pale kwenye kona na kule ukumbini.

Ninahazwe alikwenda Kavimvira mara kwa mara kumwona bibi yake. Alirudi na habari chache. Kwamba Gratien hayuko sana nyumbani. Kwamba Nicole na Gratien hawaongei vizuri. Kwamba Nicole anapika vyema, lakini ana safari za Bujumbura, na siku hizo bibi analoweka mkate kwenye chai.

"Anakonda?" Apolline aliuliza.

"Ndiyo."

"Alisema kitu?"

"Alisema nikusalimie. Aliuliza kama tungali na lile sanduku."

Apolline alikuwa akianika ndagala kwenye wavu. Aliendelea kuzitandaza, moja moja zisishikane.

"Umemuambia nini?"

"Nimesema tuko nalo."

Marie-Jeanne alikufa mwanzoni mwa mvua zilizofuata, kwa homa, nyumbani kwa mwanawe. Apolline alikwenda msibani kama inavyopasa. Alikaa mkekani na wanawake, karibu na mlango. Gratien alilia sana, na watu walimfariji, wakisema si kila mtoto anapewa mama kama yule. Walipouliza nani atasaidia kupika kwa ajili ya waombolezaji, Nicole alimtazama Apolline, kisha akainama. Apolline alinyanyuka, akajifunga kikwembe kiunoni, akaenda kuwasha moto.